Chupa ya Zafarani Tuliyoivusha Horohoro

Mashoga zangu wa Mabawa, tangu nirudi mnaniuliza jambo moja tu: kwa nini Bi. Mishi wa Mkwaja haitikii salamu yangu. Wengine mmeshajijibu wenyewe. Nimesikia mnasema nilimtesa mjukuu wake huko ugenini. Nimechoka kusimulia mlangoni huku vitumbua vinaungua, ndiyo nimenunua daftari. Niliishia darasa la nne pale Pongwe, mwandiko wangu muuvumilie, na anayejua kusoma awasomee wenzake. Mambo ya pasi na mihuri siandiki, hayo alihangaika nayo Shirin. Nitaandika njia na watu tuliokutana nao, na wenye makosa nitawataja kwa majina. Na mimi nitajitaja, lakini mwishoni, maana kwa hilo sina haraka.

Mkono

Mnaujua mkono wangu wa kushoto. Umejikunja kwenye kiwiko tangu nina miaka tisa, haunyooki, umekaa kama wa mtu aliyempakata mtoto, na mtoto mwenyewe Mungu hakunijalia. Aliyeuchoma ni Sefu Mbaruku, aliyekuwa na duka Pongwe, akichanganya petroli kwenye mafuta ya taa ili yaongezeke. Niliwasha kibatari kikanilipukia. Aliyeuacha ugande ni baba yangu mzazi, Hamisi. Aliambiwa anipeleke hospitali ya mjini, akasema mtoto wa kike mkono mmoja unamtosha kushika mwiko. Wote wawili wameshatangulia. Watu husema marehemu hasemwi vibaya. Mimi walinisema vibaya nikiwa hai.

Shirin mnamjua, mwenye duka la vitambaa Ngamiani. Babu zake walitoka Bara Hindi, lakini Kiswahili chake cha Tanga kinatushinda sisi. Alikuwa akija kununua vitumbua, anautazama mkono, hasemi kitu. Siku moja akasema. Aliniambia kuna hospitali ya hisani Kenya bara, watoto walioungua hupelekwa kule wakapasuliwa bure, na wa pwani yetu wakifika hulia usiku na mchana kwa sababu hawana mtu wa kwao wa kukaa nao. Wanatafutwa watu wa kujitolea, kuosha, kulisha, kubembeleza.

"Mimi sijasoma," nikamwambia.

"Sikutafutii mtihani. Nataka watoto wamwone mtu mzima aliyeungua na bado anacheka."

"Mimi sicheki, Shirin."

"Basi wamwone anayenuna na bado anakula."

Ndiyo nikaenda.

Mkwaja mpaka Tanga

Mtoto wa kumchukua alikuwa mmoja, Tatu, wa miaka saba, wa Mkwaja. Mama yake alifariki, akalelewa na bibi yake, huyo Bi. Mishi. Bi. Mishi alikuwa akikaanga maandazi uani, mtoto akajikwaa kwenye jiko, karai la mafuta likammwagikia. Aliponea chupuchupu. Lakini kovu lilipokauka liliivuta shingo chini, kidevu kikashikana na kifua. Tatu akitaka kukuona usoni lazima aegemee nyuma mwili mzima, asimamie visigino, kama mtu anayetazama ndege.

Nilifika kwao asubuhi. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba mwanangu, akanikaribisha chai na mihogo ya nazi. Alikuwa anazungumza vizuri tu, ila macho yake hayakai juu ya mtoto. Yakifika kwake yanateleza. Nikaelewa. Lile karai bado lilikuwa limetundikwa ukutani jikoni, halikupikiwa tena.

Tulipokuwa tunaaga akanitoa pembeni, akanipa chupa ndogo ya marashi iliyofungwa kwenye kipande cha kanga. Ndani mlikuwa na maji ya njano. Lilikuwa kombe. Kwa asiyejua: mwalimu wa chuo cha Kurani huandika aya kwa wino wa zafarani ndani ya sahani nyeupe, maandishi yakaoshwa kwa maji ya marashi, mgonjwa akayanywa. Hili aliliandika Mwalimu Shee, wa pale pale Mkwaja.

"Amesema anywe yote asubuhi ile ile," Bi. Mishi akaniambia, "kabla hajaguswa na chuma. Mimi siwezi kwenda, Riziki. Hiki ndicho ninachoweza. Niahidi."

Nikaahidi.

Pangani tulikuta pantoni imetia nanga ng'ambo, maji yamekupwa, tukangoja toka asubuhi mpaka adhuhuri. Tatu alikuwa kajifunika ushungi, kovu halionekani. Akawaamkia wazee waliokuwa wakingoja, mmoja mmoja, uso chini. Mzee mwenye kapu la machungwa akafurahi sana. Akasema mtoto huyu kalelewa, siku hizi watoto wanakukodolea macho, huyu hata uso hainui.

"Si adabu, babu," Tatu akamjibu. "Nimeungua."

Yule mzee akakosa pa kuuweka uso wake. Akatupa machungwa matano, akahama akakae mbali. Tatu akala mawili, akaniambia kila mtu husema hivyo, ana adabu, ana adabu, na yeye moyoni ana utundu mwingi sana ila haufiki usoni.

Horohoro

Mpakani watu wote wa basi walipita, sisi tukabaki. Kijana wa ukaguzi aliifungua ile kanga, akaiinua chupa juani. Akaniuliza nini hii. Nikasema dawa. Akaniuliza dawa gani isiyo na karatasi ya hospitali. Akainusa. Akamwita mwenzake, naye akainusa. Dereva anapiga honi, abiria wanasonya, mama mmoja akapaza sauti kwamba kuna watu wanasafiri na uchawi wao wanachelewesha wenye shughuli.

"Ni kinywaji?" yule kijana akaniuliza. "Kama ni kinywaji kunywa kidogo nikuone."

"Si kinywaji," nikasema. "Ni dua."

Akatokea askari mtu mzima, mwenye alama ya sijda kwenye paji la uso. Akaitazama ile njano, akaipokea kwa mikono miwili, akaifunga mwenyewe kwenye kanga na kunirudishia. Akamwambia kijana, huyu mama kasema kweli, hicho si kinywaji. Akatusindikiza mpaka kwenye basi.

Liwekeni moyoni hilo. Mpakani niliulizwa na serikali, nikajibu, na jibu langu likakubaliwa.

Mombasa na garimoshi

Mombasa tulilala kwa jamaa za Shirin. Tulikula wali wa nazi na mchuzi wa nguru, na ilikuwa mara ya mwisho kuona nazi kwa miezi miwili, ningejua ningeramba sahani.

Kwenye garimoshi la kwenda Nairobi tulipewa viti vya dirishani, lakini kwa Tatu dirisha lilikuwa halina maana, yeye huona sakafu na magoti ya watu. Nikamlaza chali kwenye mapaja yangu, kichwa kwenye huu mkono uliojikunja, ukamkaa sawasawa kama ulikunjwa kwa ajili yake. Akaona mbingu, nguzo za umeme, vilele vya miti. Akaniambia nyumbani mjomba wake huangua madafu, na yeye huwa anasikia tu puu, puu, dafu limeshafika chini. Akinyooka anataka kumwona mjomba akiwa juu. Hakuna kingine alichotaka.

Kutoka Nairobi tulipanda basi tena, barabara ikawa inapanda na baridi inapanda nayo. Mji wenyewe siutaji. Wale watu kwa jumla walinitendea wema.

Mji wa baridi

Wodi ilikuwa na watoto kumi na wanne. Kazi yangu ilikuwa kuwaosha, kuwapaka mafuta kwenye makovu, kuwanyoosha viungo kama alivyotufundisha mtaalamu wa mazoezi, na kuwashika mkono wakati wa kubadilishwa bandeji. Wakilia nawaonyesha mkono wangu, nawaambia huu haukunyooshwa na mtu, nyinyi mna bahati, nyamazeni. Si maneno matamu lakini yaliwatuliza. Kulikuwa na kisichana cha Kiturkana, hakijui Kiswahili hata neno, kila asubuhi kinakuja kukikanda kiwiko changu kama mimi ndiye mgonjwa.

Chakula kilikuwa mahindi na maharage yaliyochemshwa pamoja, asubuhi chai ya maziwa matupu. Tatu alikuwa akinong'ona, dada Riziki, hawa watu nani kawaibia nazi zao. Na manesi wa kule wakikuita husema, wewe mama, kuja hapa. Wiki ya kwanza nilidhani wananitukana. Baadaye nikajua ndivyo wanavyoongea, hata kwa mama zao.

Msimamizi wa wodi aliitwa Edna. Huyu namtaja. Siku ya kwanza alipokuwa akikagua kabati la Tatu aliiona chupa. Hakuuliza ni ya nini. Alikunja uso, akasema, "Hivi vitu vyenu vya pwani weka mbali, nisivione." Mimi nikafanya kama alivyotaka. Niliiweka chini kabisa ya mzigo wangu asiione. Laiti angeuliza ni ya nini, ningemwambia. Laiti hata angeitupa.

Madaktari wa kupasua shingo walikuwa wageni kutoka Ulaya, huja mara moja kwa mwaka, wakakaa majuma mawili, wakaondoka. Zamu ya Tatu ilikuwa siku ya tatu. Akashikwa na mafua, akasogezwa mbele. Akapona, umeme ukasumbua, akasogezwa tena. Mwisho akawekwa siku ya mwisho kabisa, wa kwanza asubuhi. Edna akabandika karatasi kitandani na kunieleza asile wala asinywe kitu tangu usiku. Nikamwambia nimesikia. Na nilikuwa nimesikia kweli. Mtoto alilala na njaa, aliponiomba maji nilimnyima, nikamwimbia badala yake.

Asubuhi ya chuma

Alfajiri niliswali. Nikaitoa chupa. Nikamwamsha Tatu, tukasoma Fatiha pamoja, akanywa yote mpaka tone la mwisho, nimemlaza na kummiminia kidogo kidogo kwa sababu ya shingo yake ile. Akasema ina utamu wa harusi. Akajifuta mdomo akauliza, sasa nimemaliza?

Punde akaja daktari wa usingizi, Wekesa, kijana mpole, Mkenya. Akapiga magoti ili aonane na mtoto uso kwa uso, hilo sijasahau. Kisha akanigeukia mimi.

"Mama, mtoto amekula kitu?"

"Hajala."

"Amekunywa? Maji, chai, uji, maziwa?"

"Hajanywa."

Wallahi sikumdanganya. Aliyataja maji, akataja chai, akataja uji, akataja maziwa, na kila kimoja nilimnyima mtoto usiku kucha kwa roho ngumu. Kombe halikunipitia akilini. Ungeniuliza kama ameomba dua ningesema ndiyo, ameomba, nimemwombea mimi.

Wakamsukuma kwenye kitanda cha magurudumu. Hata sijamaliza kukunja shuka zake nikasikia watu wanakimbia.

Nilivyokuja kuelezwa ni kwamba kovu la shingo linafanya mrija wa pumzi upite kwa taabu, ndiyo maana tumbo linatakiwa liwe tupu kuliko mgonjwa mwingine yeyote. Walipomtia usingizi alitapika, na matapishi yakaingia mapafuni. Hata kisu hakijamgusa. Siku nne alilala kwenye oksijeni, kifua kinapanda na kushuka kama cha kuku aliyekabwa. Siku ya pili wale wageni walipanga masanduku yao, mmoja akaja akamshika Tatu mguu, akanishika na mimi bega, wakaondoka zao.

Daktari Wekesa aliniita kwenye kibaraza. Alikuwa na kitambaa cheupe chenye doa la njano.

"Mama, hii ni nini?"

Nikamwambia. Nikamwambia yote, sahani, zafarani, Mwalimu Shee, Bi. Mishi. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

"Nilikuuliza, mama."

Akakikunja kile kitambaa, akasema, na hakuinua sauti, "Dua siikatai. Hata mimi huomba kabla sijamlaza mtu. Lakini dua ile ilikuwa na maji, na maji ndiyo yaliyotaka kumuua."

Edna alipita akasikia. Akasema alijua tu. Alijua nini, na alijua lini?

Kurudi

Tulirudi kwa njia ile ile tuliyojia. Siielezi sana. Tatu alikuwa mzima, anakohoa kidogo, kidevu kifuani kama nilivyomchukua. Kwenye garimoshi nilimlaza tena chali. Akatazama mbingu muda mrefu akaniuliza, "Dada Riziki, mbona bado nimeinama?"

Nilimwambia madaktari waliishiwa muda. Ni kweli pia. Nilianza kusema kweli nusu nusu pale kwenye garimoshi, na nusu nyingine nikaimeza.

Horohoro alikuwepo yule askari mtu mzima. Alitukumbuka. Akaniuliza mgonjwa anaendeleaje. Nikasema alhamdulillahi. Akasema, si ulisema ni dua.

Mkwaja, mlangoni

Bi. Mishi alitoka mbio kutupokea. Aliinama akamwinulia Tatu ushungi, akaona. Hakulia. Alinyanyuka taratibu akanitazama, na mtoto yuko kati yetu.

"Kombe ulimpa?"

Jamani, mngefanyaje? Nyuma yake mlango wa jikoni ulikuwa wazi, naliona lile karai ukutani. Nikajiambia mama huyu kamchoma mjukuu wake mara moja kwa bahati mbaya, nikimwambia kweli nitakuwa nampa ya pili. Ataibeba vipi hatia hiyo? Afadhali mimi, nimeshazoea kubeba vya watu.

"Chupa ilivunjika, mama," nikasema. "Mpakani."

Akanitazama tena. Akamshika Tatu mkono wakaingia ndani. Sikukaribishwa hata maji.

Tangu siku hiyo nikimwamkia haitiki. Nilikwenda Mkwaja mara mbili, mara moja na unga na sukari, mara ya pili mikono mitupu. Shikamoo mama. Kimya. Tulikutana hapa mjini kwenye maziko ya Mzee Bakari, mliona wenyewe, nikamwamkia mbele za watu, akapita. Hayo maneno yenu yalianzia hapo. Nikasema moyoni, sawa, anadhani sikumpa, ndiyo maana. Nikauchukua ubaya ule, na niseme kweli, niliuona kama thawabu. Nilijiona mwema.

Majuzi Shirin akaja mlangoni kwangu na habari mbili. Wale madaktari wageni wanarudi, na jina la Tatu ni la kwanza kwenye orodha. Hiyo moja. Ya pili aliisema kama jambo dogo, huku anachagua vitumbua: Bi. Mishi kaagiza kwake zafarani.

Mwiko ukanianguka. Maana kama anaamini mtoto hakupona kwa kukosa kombe, basi safari hii atatengeneza jingine, kubwa zaidi, na atampa mtu mwingine asiyejua kitu, naye ataulizwa maswali yale yale na kujibu kama nilivyojibu. Uongo wangu ulikuwa unampeleka Tatu kule kule.

Mkwaja, tena

Kesho yake alfajiri niliondoka. Pantoni ilikuwepo, kwa mara ya kwanza hatukungoja, na mimi ndiyo siku niliyotamani ichelewe.

Bi. Mishi alikuwa uani anachambua mchele. Nikasimama kwenye kizingiti.

"Shikamoo, mama."

Kimya. Basi nikaanza kusema hivyo hivyo, nimesimama. Nikamwambia chupa haikuvunjika. Nikamwambia alfajiri ile, na kile kitambaa chenye doa, na siku nne. Nikamwambia zafarani asimpe, liwalo na liwe lakini zafarani mtoto asinywe. Aliendelea kuchambua mchele mpaka nikaishiwa.

"Tatu aliniambia siku ile ile," akasema. "Hujafika hata Mwera njiani, ameshaniambia yote. Kwamba alilinywa na lilikuwa tamu."

Nikakaa chini palepale.

"Kumbe unajua. Sasa kwa nini umeninyima salamu mwaka mzima?"

Akauweka ungo chini.

"Nilikuwa nangoja uje. Mtoto nimemchoma mimi, najua. Kombe nimelituma mimi, najua pia. Ulitaka nisijue changu? Uliniona mtoto mdogo? Umenifungia mzigo wangu ukauweka kichwani mwako bila kuniomba, halafu unaniletea sukari."

Nikauliza tu, na ile zafarani aliyoagiza. Akasema amekwenda kwa Mwalimu Shee, akamweleza kila kitu, akamuuliza kama lazima linywewe. Mwalimu akamjibu kombe la kuoga lipo, na ni lile lile, halina upungufu. Mtoto ataogeshwa hapa nyumbani siku ya kuondoka. "Neno moja tu la kuuliza," akasema. "Mimi sikuuliza. Wewe hukuuliza."

Kwa hiyo ndiyo hao wenye makosa: Sefu, baba yangu, Edna, na mimi Riziki binti Hamisi, mara mbili. Bi. Mishi yumo pia, kajiweka mwenyewe, na simtoi tena.

Tatu alitoka ndani, akaegemea nyuma, akasimamia visigino ili anione. Akaniuliza kama tutapanda lile garimoshi, nimlaze. Nikamtazama bibi yake.

"Safari hii nakwenda naye mimi," Bi. Mishi akasema. Akaokota ungo wake. Nilikuwa nimeshavuka kizingiti, nimempa mgongo, niliposikia anaimalizia ile salamu niliyoiacha mlangoni. "Marahaba, mwanangu."

Waliondoka Jumatatu. Nilikuwa kwenye vitumbua basi lao lilipopita barabarani, sikuweza kujua Tatu kakaa upande gani.